Miaka Minne na Minne ya Mariya

Gatera hakusoma. Ng'ombe wa baba yake walimtoa shuleni mapema, na huku Amerika mke wake Mariya ndiye aliyemsomea barua. Mariya alifariki Februari. Tangu hapo barua zilikaa juu ya friji, hazijafunguliwa.

Binti yao Isimbi alipiga simu kila jioni kutoka Columbus.

"Papa, chumba kiko tayari. Kodi ya hapo utalipa na nini?"

"Nitaona."

"Juni nakuja kukuchukua."

Gatera hakubisha. Lakini Mariya alilala kwenye makaburi ya Lackawanna, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, naye alikwenda kila asubuhi. Akiwa Columbus angekwenda mara ngapi?

Pensheni ya marehemu hakuitegemea. Aliijua pensheni. Kule Louisville alifanya kazi miaka minne kwenye kiwanda cha maboksi, kisha wakahamia Buffalo kwa kaka yake Mariya. Akaambiwa hakutimiza mitano, hana kitu. Na Mariya je? Minne akifua mashuka ya hospitali kwenye kiwanda cha Lackawanna, kikafungwa. Minne mingine kwenye kiwanda kama hicho, Kenmore. Gatera aliona yote imekwenda na maji.

Jumamosi moja Revokatus akabisha hodi. Mhaya wa Bukoba, alifua pamoja na Mariya Kenmore, naye ndiye aliyewasemea wafanyakazi kwenye chama chao, kile Wakongo wanachokiita sendika.

"Shikamoo mzee. Mfuko unakutafuta."

"Mufuko?" Gatera akaingiza mkono kwenye koti. "Ya kanisa nilishatoa. Na matanga ilishaisha."

Revokatus akacheka mpaka akashika ukuta. "Siyo wa sadaka, mzee! Mfuko wa pensheni. Wamekuandikia mara tatu."

Gatera akatazama juu ya friji. Alama za viwanda vyote viwili alizijua, zilikuwa kwenye aproni za Mariya. Bahasha tatu zilikuwa na alama nyingine. Alidhani ni watu wa kuomba mchango.

"Bon. Lakini bibi yangu alitumika miaka ine, akatoka. Miye pia nilitumika ine, wakaninyima."

"Wa kwenu ulikuwa mfuko wa kampuni moja. Ukitoka mlangoni, umeuacha. Huu wetu viwanda vingi vinauchangia pamoja. Mama Isimbi alitoka kimoja, akaingia kingine cha humo humo. Miaka yake ikamfuata."

"Ine na ine?"

"Minane. Na wao walitaka mitano tu."

"Donc, ni kama ng'ombe zenye kuchungwa pamoja. Hata ukihamia kilima ingine, yako iko na alama yake."

"Ng'ombe siwajui, mzee. Kwetu ni ndizi."

"Ndiyo maana uko mwembamba hivi."

Revokatus akafungua bahasha, akasoma fomu. "Wanataka cheti cha ndoa."

"Nilitoa ng'ombe saba."

"Ng'ombe hawaingii kwenye bahasha hii."

Gatera akachukua Biblia ya Mariya. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya ndoa waliyopewa kwenye kambi ya wakimbizi, imekunjwa mara nne. Akaishika muda mrefu kabla ya kuitoa mkononi. Kisha akaandika jina lake chini ya fomu, herufi sita, polepole, kama Mariya alivyomfundisha.

Jibu likaja mwishoni mwa Mei. Gatera atalipwa pesa kila mwezi, mpaka kufa kwake. Si nyingi, lakini ukiziweka pamoja na zile za uzee anazopewa na serikali, kodi inafika.

"Kwa hiyo Papa, huji?" Isimbi akauliza.

"Nitakuja Noeli."

"Kukaa?"

"Siku tatu."

Isimbi akavuta pumzi, akacheka kidogo, akalia kidogo. Gatera akamwacha amalize.

Asubuhi yake akaenda makaburini kama kawaida. Akang'oa majani yaliyoota pembeni.

"Mariya," akasema. "Wamehesabu yote."