Ploti ya Kaaga na Njahi za Mama Mkwe

Siku ile ya msingi wa Kaaga hainitoki kichwani, mwanangu. Kila nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu namshukuru Mungu. Nasikia nawe umenunua kipande nyuma ya nyumba ya watu pale mjini, na fundi ameshakuonyesha pa kuchimba. Basi keti kidogo. Chai ipo, na haraka zangu mimi nilizimaliza ujanani.

Mimi na mume wangu Murithi tulikuwa na mtoto mmoja tu wakati huo, Kendi. Mimi nilifundisha shule ya msingi, yeye aliuza mbao. Tukanunua ploti Kaaga, mtaa wa mjini, mbele ina nyumba, nyuma ni uwanja uliomea nyasi. Kaaga ni shule tupu, unajua, na walimu wageni walihangaika kutafuta pa kulala. Tukaulizana, nyasi zikae bure kwa nini? Tukapanga kujaza huko nyuma vyumba vinane vya kupangisha, mstari mmoja, ukuta ukigusa ua wa jirani. Akiba yetu yote ikageuka mawe, mchanga na simiti. Kila tulichokuwa nacho duniani kililala chini ya turubai moja, na mvua za Oktoba zilikuwa zimeshaanza kunukia.

Sasa, sisi ni watu wa shamba. Kwetu Nkubu kijana akioa, baba yake anamwonyesha mahali, naye anajenga. Hakuna wa kumuuliza amejenga karibu na nini, maana kati ya mlango wake na wa jirani kuna kahawa na migomba. Tukaibeba akili hiyo hiyo tukaja nayo mjini. Murithi alikuwa akisema, "Mahali ni pangu, nani ataniambia?" Nami nilimwitikia, tena kwa sauti.

Asubuhi ya kumwaga zege, mama mkwe akatokea kutoka Nkubu na kikapu cha njahi, yale maharage meusi ya kwetu, ambazo hazijabambuliwa. Akautazama mtaro wa msingi uliokwenda sambamba na ua, akauliza jirani ameitwa lini kuonyeshwa mpaka. Murithi akacheka.

"Mama, hapa ni mjini."

Mama mkwe alishuka mtaroni polepole, akakalia jiwe, akaweka kikapu magotini na kuanza kubambua njahi zake.

"Mama, toka huko, tunamwaga simiti," fundi akamwambia.

"Mwaga," akasema. "Lakini mimi sitoki. Hii mpaka ni ya watu wawili, na mimi naona mtu moja tu."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Mafundi walikaa juu ya mawe wakichekea viganjani. Murithi alizunguka ule mtaro akitazama mawingu. Kumtoa mama yako kwa nguvu ni kujitafutia laana, na kummwagia zege ndiyo kabisa. Mwishowe nikatumwa kwa jirani.

Jirani alikuwa Mzee Salim, mwenye malori ya kupeleka mizigo mjini Maua. Tulikuwa hatujawahi kunywa hata maji kwake. Alikuja, akamwinamia mama mkwe mle mle mtaroni akamsalimia kwa heshima, kisha akatazama kazi yetu na kushika kichwa.

"Mama Kendi, kanjo pale baraza la mji imewapa kibali?"

"Cha nini, na ploti ni yetu?"

"Ni yenu, lakini upande huu wa barabara ni wa nyumba ya familia moja moja. Vyumba vya mstari vinaruhusiwa kule chini, karibu na soko. Na hata nyumba ikikubaliwa, lazima ukuta uachane na ua. Mimi walinibomolea stoo hapo hapo, upande wangu."

Mama mkwe mambo ya kanjo hakuyaelewa hata nusu. Alisema tu, "Si nilisema aitwe?" akaendelea na kazi yake.

Kesho yake Mzee Salim akampeleka Murithi ofisini. Huko akaelezwa kwamba kila upande wa mji umepangiwa matumizi yake. Ukitaka kuyabadilisha unaomba, tangazo linabandikwa langoni kwako, na majirani wanapewa nafasi ya kupinga. Murithi alirudi amepoa kama uji wa jana. "Mzee tuliyetaka kumjengea ukuta puani bila salamu," akaniambia, "ndiye ambaye tungehitaji asitupinge."

Tukaomba, na Mzee Salim hakupinga. Simiti tuliwauzia wengine kabla haijaganda, mtaro tukaufukia, na mama mkwe akapanda njahi juu yake. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Sisi tulikula njahi, mavuno mawili, kabla kibali hakijatoka. Tena kilitoka cha vyumba vinne, na nafasi ya gari kupita ubavuni. Nilinung'unika sana. Vinne tu!

Baadaye bwana mmoja akanunua ploti ya tatu kutoka kwetu, akaijaza ukuta kwa ukuta, ghorofa juu, bila kuuliza mtu. Kanjo ikampigia X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa, akaidharau. Siku tingatinga lilipokuja kumbomolea nilikuwa nimesimama langoni kwangu. Lilipunguza mwendo mbele yangu, nikadhani linakuja kwangu. Kumbe dereva anakwepa shimo! Lilipopita niliketi chini kwenye kokoto nikalia kwa nafuu, hata wapangaji wangu wakadhani nimefiwa. Nikawaambia waniache, haya ni machozi mazuri. Jioni hiyo nilikwenda Nkubu kumsimulia mama mkwe na kumshukuru. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na njahi bado mnapanda?"

Siku hizi upande wetu umeruhusiwa ghorofa. Kendi anajenga juu ya vile vyumba vinne, na lori la kokoto linaingia kwa ile nafasi niliyoinung'unikia.

Kwa hiyo, mwanangu, ploti si shamba. Kabla hujanunua mfuko mmoja wa simiti, nenda ukaulize upande huo umepangiwa nini, maana ng'ambo ya barabara sheria ni nyingine, na ya leo yaweza kubadilika kesho. Acha nafasi hata kama inakuuma. Na jirani mwite akiwa bado anaona nyasi, usingoje aone ukuta. Mwenda pole hajikwai.

Mungu akupe mpaka usio na ugomvi, wapangaji wenye adabu, na ukuta usiojua rangi nyekundu. Ubarikiwe wewe na watakaolala humo. Na nikisikia umechimba kabla ya kibali, nakuja mwenyewe. Njahi ninazo, na magoti yangu bado yanaweza kushuka mtaroni.