Nilivuka Ziwa Kutafuta Kidevu

Nianze na sababu, maana ninyi wa nyumbani mlishaambiwa nyingine. Nilisema nakwenda Dar es Salaam kununua vipuri vya mashine za mitumbwi. Vipuri nilinunua kweli, lakini nilichokwenda kutafuta ni kidevu.

Wengi mnanijua: Faustin, fundi wa mashine pale karibu na bandari ya Kalemie, mpiga tarumbeta wa fanfari, ile bendi ya parokia. Ndevu zangu mnazijua pia. Msichojua ni kwamba chini ya ndevu hizo hapakuwa na kitu. Mdomo wa chini ukishaisha, uso wangu unateremka moja kwa moja hadi shingoni. Shuleni walinipa jina la samaki ambalo silirudii hapa. Ndevu zilipoota nikaona nimeokoka, na kwa miaka kumi na minne sikuzinyoa. Hata Furaha, mchumba wangu, hakuwahi kuniona bila ndevu, na harusi ilikuwa imebakiza miezi mitatu.

Siku moja mteja aliyetoka Dar alinisimulia kwamba huko kuna madaktari wanaopandikiza kitu kigumu kidogo kwenye kidevu, uso ukakaa sawa. Niliacha mashine yake wazi nikamwomba anieleze tena tangu mwanzo. Kichwani mpango ulikuwa umekamilika: nitakwenda, nitawekewa, nitarudi na kidevu kipya chini ya ndevu, kisha siku ya harusi nitanyoa, na Furaha asijue kamwe kwamba palikuwa na upungufu.

Jumatatu asubuhi, bandarini, Furaha alinisindikiza. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na swali lake halikwepeki.

"Ndio vipuri gani hivyo mpaka Dar? Kigoma haviko?"

"Viko, lakini si vya kweli kweli."

"Basi fika muzima. Na urudi muzima vilevile."

"Nitarudi muzuri zaidi," nikamwambia. Alicheka, akanirekebishia kola ya shati. Nilijisikia vibaya kidogo, lakini chombo kilipoondoka ile furaha ya safari ikanirudia yote.

Ziwani hapakuwa na mawimbi. Milima ya kwetu ilizidi kuwa midogo nyuma yetu, na mimi nilikaa ubavuni mwa chombo nikishika ndevu na kujaribu kuukisia uso wangu mpya. Jirani yangu, mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, aliniuliza kama jino linaniuma. Nikamjibu kwamba bado.

Siku ya pili tulishuka Kigoma. Afisa wa uhamiaji alitazama picha yangu, akatazama ndevu, akagonga muhuri. Nilikwenda kwa shangazi yangu, Mama Anjela, mzaliwa wa Kalemie aliyeolewa huku zamani. Aliniwekea ugali na migebuka ya kukaanga, na kwa kuwa yeye alikuwa mbali na Furaha, nikamfungulia moyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hicho kidevu kinakuuma?"

"Hakiumi, shangazi."

"Kinakuzuia kula?"

"Hapana."

"Basi ongeza samaki," akasema, akanisukumia sahani. Nilipomaliza aliongeza kwa upole, "Na mwanamke wako amesema nini?" Nikajifanya namtoa samaki miiba.

Kutoka Kigoma nilipanda basi la masafa marefu, Uvinza, Tabora, Dodoma, huko kote. Wengine husafiri wakitazama misitu na wanyama. Mimi nilitazama videvu. Dereva alikuwa na kidevu cha mraba ambacho nilikionea wivu hadi Morogoro. Mzee wa kiti cha mbele alikuwa nacho kirefu kupita kiasi, nikafikiri Mungu angetugawia vizuri zaidi, wote wawili tungekaa sawa.

Dar es Salaam, asubuhi ya kwanza, nilikwenda hospitali nikiwa nimevaa shati la Jumapili. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye macho makali. Alinikaribisha, akaniuliza shida yangu, nikaimwaga yote bila kupumua. Kisha akainua mkono.

"Kaka, mimi siwezi kupima ndevu. Nenda ukanyoe, urudi."

Nacheka nikiandika, lakini siku hiyo sikucheka. Nimevuka ziwa na nchi nzima kwenda kuonyesha kidevu, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu atataka kukiona! Kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Ndevu za miaka kumi na minne zilianguka chini ya kiti, na upepo wa feni ukanigusa mahali ambapo nilikuwa nimesahau kuwa napo. Kwenye kioo alikuwa yule yule wa shuleni, ila amezeeka. Nilivuka barabara nikiwa nimeshika taya kama mwenye jipu.

Daktari hakushtuka wala hakunionea huruma, na hilo lilinituliza. Alinipiga picha kutoka mbele na ubavuni, akakagua meno yanavyokutana, akaweka rula. "Meno yako yako sawa, taya halina ugonjwa. Pua na midomo vinalingana vizuri. Kidevu kimerudi nyuma kidogo tu. Kwa uso wako ningeongeza milimita sita."

"Sita?"

"Sita. Zaidi ya hapo utaonekana umeazima cha mtu."

Akanionyesha kwenye kompyuta. Ndugu zangu, nilisimama! Alikuwa mimi, na alikuwa mtu wa heshima. Nikamwuliza kama anaweza kunifanyia kesho. Ndipo akakaa chini akanieleza bila kupamba: anapasua kidogo chini ya kidevu, anaingiza kipandikizi, uvimbe unachukua wiki kadhaa. Mara nyingine kipandikizi husogea au huleta maambukizi, ikabidi kitolewe. Mdomo wa chini unaweza kufa ganzi, kwa kawaida kwa muda, lakini wako wachache ambao ganzi haiwaachi.

"Unafanya kazi gani?"

"Fundi wa mashine. Na napiga tarumbeta."

Alinitazama. "Tarumbeta siwezi kukuahidi. Kalifikirie. Nyumbani wanasemaje?"

Lilikuwa swali la shangazi lile lile, na sasa sikuwa na samaki wa kujifichia. Nilisema kweli: hakuna anayejua. Daktari akaandika kipimo kwenye karatasi, akanipa. "Ukiamua, nitakufanyia kwa moyo mmoja. Lakini simfanyii mtu kwa kumficha mchumba wake."

Siku ya kurudi, pale Kigoma, yule afisa alikwama kwenye picha yangu.

"Huyu mwenye ndevu yuko wapi?"

"Amebaki Dar, chini ya kiti cha kinyozi."

Akacheka, akaita wenzake waje waone, akanipitisha. Ilikuwa mara ya kwanza watu wanacheka uso wangu nami nikacheka pamoja nao.

Kalemie ilipotokea mbele yetu, ujasiri uliniishia. Nilijifunga kitambaa kuanzia puani hadi shingoni. Furaha alikuwa amesimama gatini.

"Faustin! Umeng'olewa jino?"

"Hapana."

"Basi toa hiyo kitambaa."

Nikatoa. Akanitazama kutoka mbele. Kisha akafanya kile nilichokiogopa maisha yangu yote: alizunguka akanitazama kutoka ubavuni.

"Kweli," akasema, "kako kadogo."

Nilimwambia yote pale pale, kati ya magunia. Aliposikia mpango wa kumficha, macho yakamjaa machozi. "Kwa hiyo siku ya arusi ningeolewa na muntu mwenye simujui?"

Hili ndilo nililojifunza katika safari ile yote: kutaka uso mzuri hakukuwa kosa, na bado nautaka. Kosa lilikuwa kumfanya yeye awe mtu wa mwisho kuuona ule nilio nao. Nilimwomba msamaha.

Tulikwenda karakana kuweka vipuri. Akaniuliza milimita sita ni kiasi gani. Nikamtafutia bolti ya nambari sita, yenye unene wa milimita sita, ile ndogo ambayo ikianguka mchangani huipati tena. Aliigeuza kiganjani.

"Safari yote ile juu ya hii?"

"Juu ya hiyo."

Akailaza kwenye kidevu changu, akaishika kwa kidole, akainamisha kichwa na kunitazama ubavuni, kama daktari kabisa.

"Inapendeza," akasema. "Ukiitaka, arusi ikikwisha tutaenda wawili, na mimi nione bahari." Akaitoa, akaitia mfukoni mwake. "Lakini kwanza, niachie nimuzoee huyu."