Saa Mkononi mwa Mama

Kwetu mtu akiinua simu kutupiga picha, tunasimama wima. Mikono chini, kidevu juu, macho mbele, mdomo umefungwa. Nina picha za harusi ya dada yangu ambamo ukoo mzima umesimama hivyo, bibi harusi naye katikati, utadhani tunasubiri mgao wa unga.

Na kweli ndiko tulikojifunza. Nimekulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, na huko picha ilikuwa ya kadi ya mgao. Unasimama mbele ya shuka jeupe, unashika kibao chenye namba, karani anasema usitikisike. Ukicheka picha inaharibika, na ikiharibika unarudi mwisho wa foleni, na foleni ile ilikula siku nzima. Mama alikuwa na watoto watatu wa kuchekacheka, mimi nikiwa kinara. Alitufinya mpaka tukanyooka. Yeye mwenyewe alinyooka kuliko sote, na tuliporudi Burundi, kule Mwakiro, kunyooka kwake alirudi nako.

Ningeendelea kulifanyia mzaha jambo hili kama si kaka yangu. Yeye alibaki Tanzania, ameoa huko, na wanawe hawajawahi kumwona bibi yao. Kwa video haiwezekani. Mtandao wa Mwakiro unamgandisha mtu akiwa amefumba macho. Mwaka jana aliomba picha ya Mama, nikamtumia ile ya harusini. Siku chache baadaye, nikiwa Mwakiro, akapiga simu ili watoto wamsalimie. Mdogo wao, wa miaka mitano, alikataa kuishika. Tulimsikia wazi kabisa: "Simtaki huyo bibi mkali."

Mama alinirudishia simu, akaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakukitafuta. Jioni akaniuliza, "Hivi mi natisha?" Kaka alikuwa amepanga kuwaleta likizo, na Mama, aliyekuwa akiisubiri siku hiyo kwa hamu, akaanza kusema safari ni ndefu, watoto watachoka, waache tu. Iliniuma sana. Simjui mtu anayecheka kwa moyo kama mama yangu, na wajukuu wake walikuwa wanamwogopa.

Mimi ni fundi cherehani, Gitega mjini. Nguo nikishaimaliza naivaa mwenyewe, naegemeza simu kwenye cherehani, nasimama ukutani, kisha nabonyeza saa niliyovaa mkononi. Picha inapigwa kule kwenye simu, nami nawatumia wateja. Saa hiyo niliinunua kwa jirani yangu mwenye duka, mama mmoja wa Kiislamu mwenye maneno mengi, Kiswahili chake kikichanganyika na Kifaransa. Siku ya kwanza kuniona nikiitumia alikuja kusimama kando yangu.

"Ee we! Hii saa iko napiga foto?"

"Inaiambia simu ipige."

"Na mi nilikuuzia kama saa tu, quoi!"

Akaangua kicheko, nami nikabonyeza. Picha ikatoka nzuri ajabu, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumnyooshea kamera usoni. Hapo ndipo nilipomfikiria Mama.

Ijumaa iliyofuata nilifunga kazi mapema, nikapanda gari hadi Muyinga, kisha pikipiki hadi Mwakiro. Kesho yake Mama alikuwa jikoni akichambua maharage kwenye ungo. Niliegemeza simu kwenye kopo la chumvi, nikaketi karibu naye, nikaanza kumsimulia habari za mteja aliyeleta kitambaa cha gauni moja akitaka magauni mawili na kilemba juu yake. Mabega ya Mama yakaanza kutikisika. Nikabonyeza.

Nilisahau jambo moja: jiko letu lina giza, na simu ikiona giza inawasha taa. Mwanga ulimulika jiko zima. Ungo ukaanguka, maharage yakatapakaa, na kabla sijasema neno Mama alikuwa amesimama wima, mikono chini, kidevu juu. Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, ndivyo nilivyo. Yeye hakucheka.

"Umeniibia," alisema. "Kule kambini hawakuniuliza hata siku moja kama nataka. Simama, nasimama. Na wewe mwanangu unafanya yaleyale, tena kwa kujificha."

Niliona aibu hadi nikashindwa kumtazama. Tukaokota maharage. Yalipokwisha nilifungua mlango mwanga uingie, nikaizima ile taa ya simu, nikavua saa na kumvalisha yeye. Nikamwambia simu ni ile pale, humu kwenye saa utajiona, na hapa ndipo pa kubonyeza, ukitaka. Usipotaka, basi.

Alikaa muda mrefu akikitazama kile kioo kidogo. Akainamisha kichwa, na mama wa ndani ya saa naye akainamisha. Akabonyeza mara moja, wima bila shaka, kisha akanigeukia.

"Kwa hiyo karani ni mimi?"

"Ni wewe."

"Na nikisema irudiwe?"

"Inarudiwa hapohapo."

Akabonyeza tena. Akatoa ulimi, akabonyeza. Akaliona pengo la jino lake, akaanza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, na kidole hakiachi kubonyeza. Nilikuja kuhesabu picha thelathini na tisa. Katika nyingi haitazami simu, anautazama mkono wake huku machozi yakimtoka. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pembeni, nacheka na kulia pamoja. Moja aliichagua mwenyewe. "Hii," alisema. "Hii wapelekee."

Kwa mtandao ule, picha ilichukua usiku kucha kufika. Jumapili tukijiandaa kwenda kanisani simu ikalia. Alikuwa yule mdogo, na mimi shangazi yake hakunisalimia hata kidogo.

"Nipe Bibi."

Mama aliipokea simu kwa mikono miwili. Niliisikia ile sauti ndogo ikimuuliza alikuwa anacheka nini. Akafungua mdomo kueleza, akanitazama, akaufunga. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupanga mahali pa kuwalaza, "Njoo. Ukija nitakuambia."