Maji ya Ukungu Kwenye Pareto

Harufu ya pareto haijawahi kunitoka puani. Hapa Nakuru, mjukuu wangu Shiro akiwasha ile dawa ya mbu iliyojikunja kama konokono, moshi wake unanipeleka moja kwa moja juu ya Molo, njia ya Kuresoi, kwenye shamba ambako mama yangu alikuwa akichuma maua ya pareto, yale yanayotiwa kwenye dawa hiyo, na hapo hapo ninakasirika. "Shosho, si mbu ndio wanafaa kukasirika?" Shiro huniuliza. Ni harufu chungu kidogo, ya majani makavu, inayowasha macho, na siku zile ilikuwa kwenye nguo, kwenye uji, kwenye nywele za kila mtu. Nawakumbuka wachumaji wote wa mstari wetu: Tapsubei, Nyambura wa Kamau, Kerubo na dada yake Moraa, na Rispa, mama ya Nafula. Majina yote ninayo. Ni Nafula peke yake ningetaka kumwita, na kuwa na jina lake hakunisaidii chochote.

Nafula alikuja msimu mmoja tu. Baba yake alikuwa mtu wa reli, leo stesheni hii, kesho ile, na alipoletwa Molo, Rispa akapata kibarua cha kuchuma. Nafula alikuwa amefika darasa la nne, na kwa vile shule ya huko ilikuwa haijampa nafasi, alichuma nasi, kitabu chake cha kusoma kikiwa kimevikwa karatasi ya sukari. Mimi nilikuwa nimetolewa darasa la pili ili nimbebe ndugu yangu Kariuki, na alipoanza kutembea hakuna aliyekumbuka kunirudisha. Kitabu kile nilikitazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama sufuria ya jirani.

Sasa, pareto haichumwi ikiwa na maji. Ua likiingia kikapuni na umande linapata joto, linageuka kahawia, na linaoza pamoja na maua yote yaliyo karibu nalo. Kwa hivyo asubuhi, ukungu ukiwa umelala shambani, tulikaa pembeni juu ya vikapu tulivyovipindua, tukingoja uondoke. Saa hiyo ilikuwa yetu, mimi na Nafula. Alinisomea shairi moja mpaka likakaa kichwani:

Ukungu umeshuka bila hodi,
Umelala jani kwa jani.
Usiulize umekwenda wapi:
Gusa jani, utajua ulikuwa hapa.

Shairi hilo liliniudhi tangu siku ya kwanza. "Huu ukungu hauna adabu," nilimwambia. "Unaingia bila hodi, unatoka bila kwaheri, na bado unasifiwa." Nafula alicheka mpaka akashika mbavu. "Njoki, wewe unagombana hata na hewa! Mwalimu alisema ni shairi la hali ya hewa." Nikamjibu kwamba mwalimu wake hajawahi kuachwa. Kwetu, kwenye kambi ya vibarua, watu walikuja na kuondoka kila msimu, na mimi nilishachoka kuzoea sura za watu. Kwangu shairi hilo lilihusu watu, na lilikuwa linawatetea wanaoondoka.

Asubuhi moja Nafula hakufungua kitabu. Alisema baba yake amehamishwa tena, wataondoka mwisho wa juma. Sikumwambia pole wala sikumwuliza ni wapi. Nilisimama, nikachukua kikapu tulichokuwa tukijaza pamoja, nikaingia shambani ukungu ukiwa bado haujainuka, na nikachuma kwa hasira, maua yakidondosha maji hadi viwikoni. Aliniita, "Njoki, ngoja kukauke!" Sikungoja. Jua lilipotoka yeye alichuma makavu yake akayamimina juu ya yangu, akijua fika kilicho chini.

Kwenye nyumba ya kukaushia, karani Kiprono alizamisha mkono mpaka chini, akautoa na maua ya kahawia yenye joto. "Nani amechuma takataka hii?" Watu wote wakamtazama mgeni. "Si ni huyu wa reli," Moraa akasema. "Hawa wanajua tu kupiga filimbi." Wakacheka. Nafula alinitazama. Alingoja niseme. Mimi nilitazama vidole vyangu. "Ni mimi," akasema. Kikapu kikamwagwa nje mbele ya watu, na Rispa, kwa aibu, hakumleta tena shambani. Hata mwisho wa juma haukuwa umefika. Walikuwa wamekwisha kwenda.

Juzi nilimwomba Shiro alitafute shairi hilo kwenye simu. Akabonyeza weee. "Shosho, haliko. Na huyo Nafula wako, wako wengi kama viazi vya Molo. Jina la baba?" Nikamwambia Wekesa wa reli. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ikanikera zaidi. Nilipomsomea mistari yote minne kutoka kichwani alisema, "Kwani unateta nini? Si linasema tu mtu anakuja, anaenda, lakini anakuachia kitu? Ni poa." Kwao vijana ni rahisi. Shiro anaweza kuanza urafiki asubuhi na jioni akamfuta mtu kwa kidole, na wakikosana, siku hiyo hiyo anaweza kumwandikia nisamehe. Sisi mtu akipanda gari la moshi, maneno yako yote yanabaki mdomoni, unazeeka nayo.

Kule shambani siku hizi ni viazi, nyumba ya kukaushia ilibaki msingi. Ukungu bado unashuka. Miaka yote hii nimesoma shairi lile nikijiona mimi ndimi jani, Nafula ndiye ukungu aliyeniacha. Nimechelewa sana kuona kwamba huko alikokwenda, mimi ndimi niliyepita kwake msimu mmoja, nikamlowesha, nikatoweka. Jani liko kwake. Akiligusa, sijui anakuta shairi tulilosoma juu ya vikapu au maua yale ya kahawia, na hakuna simu ya kumuuliza.