Mlango wa Stoo, Saa Kumi Jioni

Mama alinipigia simu Mikumi, ninakouza vitenge, akaniambia mlango wa stoo yake unafunguka wenyewe kila siku saa kumi jioni. Jamani! Mtu mzima, anaishi peke yake Chanzuru tangu baba afariki, halafu milango inafunguka. Nikafunga duka, nikapanda basi, na moyoni nilishaamua kwamba safari hii namhamishia kwangu, apende asipende.

Mimi si mtu wa mashetani. Nilinunua daftari. Siku ya kwanza nikaandika: "Saa kumi na dakika tano, mlango umefunguka. Hakuna mtu." Siku ya pili: "Umefunguka tena. Kuku wamekimbia." Siku ya tatu nikamwaga majivu kizingitini nione nyayo, ziwe za mwizi au za mzimu, zote nilikuwa tayari kuzipokea. Zikaonekana za kuku. Mama alikuwa mkekani anachambua mchicha, ananitazama huku akijizuia kucheka.

Siku ya nne nikamkamata mchawi wangu. Komeo lilikuwa limelegea, na upepo wa milimani ukishuka jioni unausukuma mlango. Nikachonga kabari, nikaigongomea, nikaandika kwa herufi kubwa: "KESI IMEFUNGWA." Nilijiona hodari kweli.

Saa kumi ikafika, upepo ukavuma, mlango kimya. Mama akaacha mchicha, akautazama ule mlango.

"Baba yako akitoka shamba, jembe alikuwa analiweka humo," akasema. "Nikisikia mlango umelia namwamkia, hata sigeuki. Mpaka leo namwamkia. Najua ni upepo, mwanangu, sijarukwa na akili."

"Sasa ile simu ilikuwa ya nini, mama? Nilidhani unaogopa!"

"Niogope nini? Nilikuwa nakupa habari njema."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Siku nne nzima nimekaa pale na kalamu, sijamuuliza hata mara moja anajisikiaje. Nikachukua nyundo, nikaing'oa ile kabari, nikarudi kukaa naye mkekani. Haikupita muda mlango ukalia, ukafunguka taratibu.

"Shikamoo, baba," nikawahi mimi.

Mama akaokota mchicha wake, akaniitikia kwa niaba ya baba: "Marahaba, mwanangu. Za Mikumi?"

Kesho yake nilipanda basi peke yangu.