Pikipiki Iliyolala Sebuleni

Ndoa yangu yote nimeishi na mke mwenza, naye ni pikipiki. Ni ya Kijerumani, ya kale, nyeusi, yenye mistari myeupe kwenye tangi, na silinda zake mbili zimetokeza kushoto na kulia kama mikono ya mwanamke aliyeshika kiuno. Mume wangu aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa fundi wa misheni huko Mbozi, naye aliachiwa na Mjerumani mmoja aliyerudi kwao. Tulipohama Itaka kuja Tunduma, mimi na watoto tulipanda lori moja na mbuzi. Pikipiki ilipewa lori lake peke yake, tena imezungushiwa magodoro yetu.

Ikalala sebuleni. Nilipouliza kwa nini isikae kwenye banda la kuku, niliambiwa kuku wana unyevu. Mume wangu alikuwa mtunza ghala wa chama cha kahawa mpaka alipostaafu, na pikipiki aliitunza kwa akili ileile ya ghala: kilichoingia hakitoki. Kila Jumamosi aliifuta kwa kitambaa laini, akaiwasha, akaisikiliza ikikohoa kidogo, akaizima. Chini yake aliweka sinia langu la pilau lidake matone ya oili. Mimba zangu zote nilikwenda nazo kliniki kwa bodaboda kwa sababu barabara, alisema, ina mashimo mabaya kwa pikipiki. Hakusema mashimo hayo yanaifanyia nini mimba.

Basi binti yetu mkubwa alipotuarifu kwamba kuna watu wa Msangano wanataka kuja kubisha hodi, nikasema sasa imetosha. Washenga hawawezi kukaa kwa zamu. Nikamwambia baba watoto achague: aiuze, au wageni awapokelee barabarani, katikati ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Alikosa hamu ya kula kwa siku kadhaa, kisha akakubali. Nikadhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Mnunuzi wa kwanza alitoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mtu mpole ambaye kila baada ya neno aliweka "mukwai" ya heshima. Alitaka kuisimamisha mbele ya baa yake iwe pambo. Mume wangu akamuuliza walevi wake wakichoka huwa wanakaa wapi. Yule bwana, kwa ukweli wake, akasema popote. Akasindikizwa mpaka getini. Wa pili alikuwa kijana wa bodaboda aliyetaka kujua inabeba magunia mangapi ya mahindi, na huyo hata chai hakuimaliza. Waliofuata waliulizwa kama wana hasira, kama wanakunywa, kama wamewahi kuanguka, na kama waliwahi, waliangukia upande gani. Nikamwambia mchagua jembe si mkulima. Akanijibu kwamba yeye hauzi jembe.

Mwisho akaja Alhaji mmoja mwenye malori, mtu wa Tanga aliyehamia hapa zamani, anayependa vyombo vya kale na mwenye uwezo wa kuvipenda. Alijibu maswali yote kwa adabu. Likabaki moja.

"Italala wapi?"

Alhaji akasema anayo stoo nzuri sana. Mume wangu hakutaka kusimuliwa stoo. Alivaa koti lake la kanisani, akaenda kuiona, akapanda ngazi akaipapasa dari kwa mkono wake, akakuta alama ya maji. Aliporudi alinieleza kwamba amempa Alhaji muda wa kubadilisha bati, la sivyo mazungumzo yamevunjika. Na Alhaji, ambaye malori yake yanafika Lubumbashi, akainamisha kichwa kama kijana aliyekuja kuposa.

Kwa hiyo washenga walipofika, mke mwenza alikuwa bado sebuleni, akingoja bati.

Walikuwa wazee watatu waliovaa makoti, wamejaa vumbi la safari. Walibanana upande mmoja wa chumba, magoti yakigusa gurudumu. Mshenga mkuu, mzee mwenye sauti tamu, alitafuta pa kuweka kofia yake, asipaone, akaitundika kwenye usukani. Nilimwona mume wangu akijikaza, kisha akashindwa. Akamwomba mzee mwenzake, tafadhali, aiondoe kofia. Mzee akaiweka gotini, na hilo ndilo lilikuwa jambo gumu kuliko yote siku ile. Yaliyobaki yalikwenda kama maji kwenye mteremko. Walisema kijana wao analima mpunga na ni mtu wa kanisa. Mume wangu akaitikia "sawa, sawa," macho yakitafuta kama kofia imeacha alama. Je, kijana ana hasira? Hakuuliza. Anakunywa? Hakuuliza. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko pamoja na mashangazi, nimeuma midomo, maana siku hiyo mama haruhusiwi kusema.

Kisha binti akaitwa. Kwetu huitwa mwishoni, akapiga magoti, baba akamuuliza kama anawafahamu wageni. Akishakubali, mashangazi hupiga vigelegele na chakula huingia. Mashangazi walikuwa wameshavuta pumzi.

"Unawafahamu hawa?" mume wangu akauliza.

"Nawafahamu, baba." Uso wake ulikuwa chini, sauti haikutetemeka. "Alhaji ulimuuliza pikipiki italala wapi. Hawa hujawauliza mimi nitalala wapi."

Vigelegele vikakwama kooni. Mshenga, kwa kukosa la kufanya, akavaa kofia yake humo humo ndani. Mume wangu alimtazama binti, akaitazama pikipiki, akamtazama binti tena. Nilijua atafoka, nikajiandaa kuvunja mila. Hakufoka. Aliwaambia wageni kwa sauti ndogo kwamba hawezi kuwajibu leo, kwanza atafika kwao aone. Kusema kweli nilifurahi kumwona ameaibika. Halafu nikaumia, maana siku yangu mimi hakuna aliyeuliza.

Asubuhi yake nilidhani atatafuta gari la kukodi. Badala yake alifungua milango yote miwili, akaisukuma pikipiki nje, akaipiga teke mpaka ikanguruma, akaondoka nayo. Majirani walitoka kushuhudia. Wengi wao walikuwa wakiamini kwamba inajua kukohoa tu, si kutembea.

Barabara ya kushukia Msangano si ya kitambaa laini. Alirudi jioni, mtu na pikipiki wote rangi moja, kioo cha taa kimepasuka na ekzosi imebonyea.

"Uliangukia upande gani?" nikamuuliza.

"Wa kulia," akajibu, bila kuona kwamba namcheka. "Kwenye mchanga. Kijana ndiye aliyeniinua. Ni mpole. Chumba kina dirisha zuri, lakini bati linavuja upande wa kitanda. Nimewaambia warekebishe kabla ya mvua, ndipo tuzungumze mahari."

Binti alisikia yote akiwa uani. Akaja na maji, akachukua kile kitambaa cha Jumamosi, akamfuta baba yake vumbi usoni.

Alhaji alipomaliza kubadilisha bati na kuja kuchukua mali yake, aliizunguka mara kadhaa, akauliza kama ni ileile aliyoiona. Mume wangu akasema ni ileile, ila sasa imewahi kufanya kazi. Bei ikashuka, naye hakubishana.

Sebule ikabaki wazi, kubwa kiasi cha kutuaibisha, na sinia langu katikati. Nililisugua kwa majivu mpaka likang'aa, lakini harufu ya oili haijatoka, na ninaliweka akiba kwa ajili ya wageni wa mahari. Mume wangu alizunguka chumba akiwa hana cha kufuta. Mwishowe alivuta kiti kizuri, akakiweka pale pale pikipiki ilipokuwa imesimama, akaniuliza kama hapo panafaa kwangu au ningependa kukaa kwingine. Lilikuwa swali la kwanza la namna hiyo tangu anioe. Nikamwambia asiwe na haraka, nitajibu nikishaipapasa dari.