Nyumba ya Ng'ambo Iliyoponyoka kwa Ulimi wa Mzaramo

Anayewajibika kwa mimi kuikosa nyumba ya mtaa wa Ng'ambo ni Ndugu Kondo, Mzaramo, mstaafu mwenzangu na mkazi wa Tabora. Nalitanguliza hilo ili lisipotoshwe na yeyote, hasa yeye.

Nilikuwa nimestaafu utumishi katika Idara ya Nyuki, Ipole, nami nilitakiwa kuiacha nyumba ya serikali kabla ya mvua. Mke wangu, Mama Sesilia, aliniagiza kwa ufupi: "Baba Sesilia, usiniletee maelezo. Niletee ua wenye kisima."

Alfajiri nilipanda basi la Tabora la kupitia Sikonge, dumu la asali magotini, tukakata misitu ya miombo ambayo babu zetu Wanyamwezi waliipita wamebeba pembe za ndovu vichwani.

Mchana, Tabora, Kondo alinipokea kwa kulichukua dumu. "Mpagazi umefika! Tua mzigo, bwana wako nipo." Huo ni utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, uliozaliwa na misafara. Mtani akikutukana, kukasirika ni aibu, na kukanusha ni kushindwa.

Jioni tulikagua nyumba ya mtaa wa Kanyenye. Baraza ni pana na soko liko karibu; ila ukuta ni mmoja na jirani, nami nilifahamu bila kuuliza kwamba wanakula kisamvu. Ua ungetosha kuku wawili wanaoelewana.

Asubuhi, Ng'ambo. Soko liko mbali, lakini kuna utulivu, kisima, na nafasi ya mihogo. Mwalimu Rwegasira, Mhaya aliyehamishiwa kwao Bukoba, alikuwa akiuza nyumba, si ardhi, kwani ardhi ni ya Taifa. Tulikwisha kuelewana, na balozi wa nyumba kumi alikuwa amekuja kushuhudia, Kondo alipofungua kinywa.

"Mwalimu, mpagazi huyu unamjua? Milango yote ataing'oa achongee mizinga!"

Kwa desturi nilijibu: "Na madirisha pia! Nyuki watalala chumbani, na Mzaramo huyu nitamfunga uani awalinde."

Balozi alicheka hata akashika ukuta. Mwalimu, ambaye kwao hawana utani nasi, aliuliza kwa upole: "Mzee, nyuki wangapi?"

"Wote!" akadakia Kondo.

Maelezo yangu ya baadaye, pamoja na viapo vya Kondo, yalimzidishia Mwalimu hofu. Kesho yake nyumba aliuziwa muuguzi.

Nilirejea Ipole. Mama Sesilia aliuliza: "Kisima kipo?"

"Kipo."

"Chetu?"

Nikaanza maelezo.

Nimejifunza kwamba mnunuzi wa nyumba apime maji, soko na majirani, lakini kwanza ampime anayefuatana naye. Kwa hiyo namtaka Ndugu Kondo, mbele ya balozi yule na watani wa pande zote mbili, aeleze kwa nini hakufunga mdomo hadi mauzo yakamilike. Na kwa kuwa mawingu yamekwisha kutanda, atoe maelezo hayo pamoja na chumba nyumbani kwake. Mama Sesilia amekwisha kufunga kinu na mchi.